Bizimu za Wanyama: Pambo, Akiba au Sanamu?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Kuna pambo limeingia majumbani mwetu ambalo wengi hawaoni kuwa lina haja ya kuzungumzwa. Nalo ni bizimu, au bruchi kama wanavyoiita siku hizi, ile inayobanwa kifuani au begani kushikia mtandio. Bizimu yenyewe haina neno. Neno liko katika umbo lake. Tulizizoea za ua, za jani na za nyota. Leo katika maharusi yetu twaona za chui, za tausi, za nyoka na za mjusi, macho yao vijiwe vyekundu na migongo yao vijiwe vya kijani. Nyingi katika hizo ni za shaba na chupa, na bei yake ni ndogo. Lakini zote ni nakala, na asili yake ni bizimu za kale za matajiri wa Ulaya, zilizofanywa kwa dhahabu na johari adimu. Na wako miongoni mwetu ambao nakala haiwatoshi tena. Wataka asili yenyewe, au kitu kinachokaribia asili, hata kama ni kwa kuuza vikuku vya bibi yao au kwa kuingia katika deni.

Ukiwakataza, watakujibu kwa majibu manne. La kwanza, kwamba hili ni pambo tu, hakuna anayeliabudu. La pili, kwamba ni akiba, kwani vitu vya kale hupanda bei kila mwaka. La tatu, kwamba ni sanaa, na Mwislamu hapaswi kuwa adui wa sanaa. La nne, kwamba baadhi ya vito vyake vimetoka katika ardhi yetu wenyewe, basi kwa nini wavae wengine tu? Majibu haya yana sura nzuri. Lakini wazee wetu walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tuufungue mkakasi huu tutazame kilichomo.

Kwanza tujue kitu chenyewe kimetoka wapi. Kuvaa umbo la mnyama mwilini si jambo la jana. Watu wa Misri ya kale walivaa umbo la mdudu wa mavi, wakamchonga katika mawe ya thamani, kwa sababu walimfungamanisha na mungu wao wa jua. Wavaaji wake hawakutaka uzuri peke yake. Walitaka hirizi ya kuwalinda. Karne ya 19 ilipofika, Wazungu waliyapenda maumbo haya kwa sababu nyingine. Pete ya uchumba ya Malkia Victoria wa Uingereza ilikuwa ya umbo la nyoka yenye zumaridi, nao wakisema nyoka ni alama ya mapenzi yasiyokwisha. Mwishoni mwa karne ile wanawake wa kitajiri walivaa bizimu za kerengende, za kipepeo na za mjusi, na mijusi mingine ilijazwa garneti za kijani kutoka milima ya Ural nchini Urusi. Kwa hiyo anayesema kwamba maumbo haya hayana maana yoyote, hajui historia yake. Tangu mwanzo yamebebeshwa maana, mara hirizi, mara alama, mara majivuno.

Katika bizimu zote za namna hii, iliyovuma zaidi ni chui wa Cartier, sonara mkubwa wa Paris. Kisa chake kinafaa kusimuliwa kwa utulivu kwa kuwa ndani yake mna mafunzo.

Mfalme Edward wa Nane wa Uingereza aliacha kiti chake mwezi wa Disemba 1936 ili amwoe Bibi Wallis Simpson, mwanamke wa Kimarekani. Wakapewa cheo cha Duke na Duchess wa Windsor, wakaishi zaidi nchini Ufaransa. Mwaka 1940, Ulaya imo vitani na majeshi ya Ujerumani yaliingia Paris mwezi wa Juni mwaka huo huo, bibi huyu alifanyiziwa na Cartier bizimu ya heroe, yule ndege mwenye miguu mirefu tumjuaye katika maziwa ya Nakuru na Natron, na manyoya yake yalikuwa ya yakuti nyekundu, yakuti samawi na zumaridi. Mwaka 1948 akapata chui wa dhahabu aliyelala juu ya zumaridi ya karati 116.74. Mwaka 1949 akaja chui wa pili, huyu wa platinamu na almasi, ameketi juu ya yakuti samawi ya Kashmir yenye karati 152.35.

Msomaji aliyezoea kupima dhahabu kwa gramu atataka kujua karati hizo ni kiasi gani. Karati moja ya jiwe ni sehemu ya tano ya gramu. Basi jiwe lile zima, lililosifiwa ulimwenguni kote, lina uzito wa gramu thelathini na kidogo. Na yakuti za Kashmir ni adimu kwa sababu zilipatikana mahali pamoja, juu sana milimani, katika miaka ya 1880, na baada ya miaka michache tu mgodi ukawa kama umekwisha. Jiwe lilichimbwa mahali penye theluji na upepo mkali, Maharaja akaweka walinzi wake wasije watu wakachukua, na mwisho wa safari likawa kiti cha chui katika kifua cha mwanamke mmoja wa Paris.

Ni nini kilichofuata? Duke alikufa mwaka 1972. Duchess alikufa mwaka 1986. Hawakuacha mtoto. Mwezi wa Aprili 1987 vito vyake vilinadiwa Geneva, Uswisi, na mnada ukaleta zaidi ya dola milioni 50. Fedha hizo kwa wasia wake zilikwenda kwa Taasisi ya Pasteur ya Paris, taasisi ya utafiti wa maradhi, ambako miaka minne kabla yake, mwaka 1983, ndiko virusi vya UKIMWI vilikogunduliwa. Mnamo mwaka 2010 yule heroe aliuzwa tena London kwa zaidi ya pauni milioni moja na laki saba.

Sisi hatumhukumu bibi huyo. Hesabu yake iko kwa Mola wake, na kutoa kwa ajili ya tiba ni jambo jema. Lakini mwenye akili na atazame: katika umri wote wa chui yule, siku iliyomfaa mwanadamu ni siku aliyouzwa. Miaka karibu arobaini aliketi kifuani au sandukuni, hakumlisha mwenye njaa wala hakumtibu mgonjwa. Siku alipotoka mikononi mwa mwenyewe ndipo alipokuwa na faida. Hilo ndilo jambo ninalotaka lishikwe, nalo nitalirudia mbele.

Sasa tuyajibu yale majibu manne, moja baada ya moja.

Wasema ni pambo tu, hakuna anayeliabudu. Twakubali kwamba pambo ni halali. Katika Suratul Aaraf, aya ya 32, Mwenyezi Mungu amewakemea wanaoharimisha mapambo aliyowatolea waja wake. Dhahabu ni halali kwa wanawake wa umma huu na ni haramu kwa wanaume. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alivaa pete ya fedha yenye jiwe la Kihabeshi. Kwa hiyo hakuna ugomvi kati yetu na yakuti, wala na zumaridi. Ugomvi ni juu ya chui.

Kutengeneza umbo kamili la kiumbe chenye roho, lenye kiwiliwili na kichwa, ni jambo lililokemewa katika Hadithi nyingi zilizo sahihi. Ni kweli kwamba wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu picha zisizo na kivuli, na wametoa ruhusa katika vitu vya kuchezea watoto, kwa ajili ya wanasesere wa Bibi Aisha (R.A.). Lakini bizimu si kitu cha kuchezea mtoto, na chui aliyeumbwa kwa dhahabu si picha ya karatasi. Imam Nawawi (R.A.), katika sherehe yake ya Sahih Muslim, ameipambanua mas-ala hii vizuri. Kilicho na sura ya mnyama kikitundikwa ukutani, au kikawa katika nguo inayovaliwa au kilemba, ni haramu, kwa sababu kimewekwa mahali pa heshima. Ama kikiwa katika busati linalokanyagwa au mto unaoegemewa, hukumu yake ni nyepesi. Basi nawauliza enyi mama zetu na dada zetu: bizimu yakanyagwa, au yawekwa mahali pa heshima kuliko pote katika vazi?

Ama neno la kwamba hakuna anayeiabudu, someni tena kisa cha Samiri. Katika sura hiyo hiyo ya Aaraf, aya ya 148, twaelezwa kwamba kaumu ya Nabii Musa (A.S.), alipokwenda kwa Mola wake, walimfanya ndama kutokana na mapambo yao. Hawakuanza na jiwe wala mti. Walianza na mapambo, vitu vile vile vya shingoni na mikononi. Simwambii mtu kwamba mwenye bizimu ya chui ni mshirikina. Hilo ni neno zito na mwenye kulisema ovyo ana dhambi yake. Nasema kwamba sheria iliyoziba njia hii ilijua njia hii yaelekea wapi. Tena sikilizeni wauzaji wanavyozisifu: huyu chui ni nguvu, huyu nyoka ni umri mrefu, mdudu huyu ni bahati. Hiyo ndiyo itikadi ya Misri ya kale imerudi dukani, imefungwa katika kisanduku cha mahameli.

Jibu la pili, kwamba ni akiba. Hapa ndipo wengi wanapojinasa wenyewe. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi (R.A.), kwa kauli iliyo na nguvu, mapambo ya halali ya mwanamke hayatolewi zaka. Watu wamelishika neno hili kwa mikono miwili, wakaacha masharti yake. Wanazuoni wetu wamesema zaka yawajibika katika dhahabu ya pambo la haramu, na katika dhahabu iliyowekwa kwa nia ya kulimbikiza wala si kuvaliwa. Wakasema pia kwamba israfu hulitoa pambo katika uhalali, na mfano walioutoa katika vitabu ni mtali wa uzito wa mithkali mia mbili. Nisabu ya dhahabu ni mithkali ishirini, nazo kwa hesabu ya leo ni kiasi cha gramu 85, na zaka yake ni sehemu moja katika arobaini. Mwenye dhahabu ya namna hii gramu 120 atoe thamani ya gramu 3 kila mwaka unapotimia.

Vito havina zaka katika nafsi yake. Hili nalo limekuwa mlango wa hila. Mtu humshauri mwenzake aitoe mali yake katika dhahabu aitie katika mawe. Lakini aliyenunua kitu kwa nia ya kukiuza apate faida amenunua bidhaa, na bidhaa ya biashara hutolewa zaka kwa thamani yake yote, mawe na dhahabu pamoja. Basi ewe ndugu, chagua. Ukisema bizimu yako ni pambo, tumekwisha kukwambia hukumu ya pambo la sura ya mnyama. Ukisema ni biashara, toa zaka ya thamani yake yote kila mwaka. Kusema ni pambo wakati wa zaka, na kusema ni akiba wakati wa kulaumiwa kwa israfu, ni kumchezea Mwenyezi Mungu, na Yeye hachezewi. Katika Suratut Tawba, aya ya 34 na ya 35, wale wanaolimbikiza dhahabu na fedha wasizitoe katika njia yake wameonywa kwamba mali hiyo hiyo itatiwa moto wachomwe nayo. Hebu fikiri, pambo la kifuani likageuka hivyo!

Isitoshe, hiyo akiba yenyewe ni ya nani? Bei kubwa za Geneva na London zilikuwa za vitu vilivyojulikana vilifanywa na nani na vilivaliwa na nani. Anayenunua umbo la chui pasipo ushahidi wa asili yake, siku ya kuuza atapimiwa dhahabu na kuhesabiwa vijiwe, na sifa ya ukale itabaki mdomoni mwa aliyemwuzia. Na aliyeuza vikuku vya bibi yake, dhahabu iliyojulikana uzito wake, ili anunue kitu hicho, ameacha mbachao kwa msala upitao.

Jibu la tatu, kwamba ni sanaa. Uislamu haukuiua sanaa, uliielekeza. Tazameni milango ya Lamu na ya Mji Mkongwe wa Unguja: maua, majani, minyororo na maandishi yaliyochongwa mpaka mti ukawa kama kitambaa cha darizi. Tazameni vipini na mikufu ya masonara wetu. Fundi aliyekatazwa sura ya mnyama hakukaa akalia; alikwenda katika nyota, katika mafundo na katika khati, akafika mahali ambapo wengine hawakufika. Na ushahidi wameutoa Wazungu wenyewe. Mwaka 2021 mjini Paris yalifunguliwa maonyesho makubwa ya kuonyesha jinsi Cartier, huyo huyo wa chui, alivyochota katika sanaa ya Kiislamu maumbo ya nyota, ya pembe na ya mafundo akayafanya mapambo yake, na mwaka 2022 maonyesho hayo yakapelekwa Dallas, Marekani. Ajabu iliyoje! Wao wameokota hazina yetu wakaitia katika vioo, na sisi twaipa kisogo tukimkimbilia chui wao. Mkataa kwao ni mtumwa.

Jibu la nne, kwamba vito vimetoka kwetu. Hilo ni kweli, na ni hoja yenye uchungu. Tanzanaiti ilipatikana Mirerani, kaskazini ya Tanzania, mwaka 1967, na mwaka 1968 ikapewa jina hilo na Tiffany wa New York. Jiwe la kijani la tsavoraiti, lililopatikana Tanzania na kisha Kenya, nalo lilipewa jina lake na Tiffany hao hao mwaka 1974 kwa kuifuata Tsavo. Na Tiffany hao wana bizimu yao mashuhuri ya ndege aliyetua juu ya jiwe kubwa, iliyobuniwa mwaka 1965 na Jean Schlumberger, na tanzanaiti ni miongoni mwa mawe ambayo ndege huyo hutuzwa juu yake. Lakini waliokwenda chini ya ardhi kulitafuta jiwe ni vijana wetu. Mwaka 1998, na tena mwaka 2008, mafuriko yaliingia katika mashimo ya Mirerani yakawaua wachimbaji makumi kwa makumi.

Je, haki yao italipwa kwa sisi nasi kujibandika ndege kifuani? Hailipwi hivyo. Mwaka 2020 mchimbaji mdogo, Bwana Saniniu Laizer, aliiuzia serikali ya Tanzania mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7, naye alipoulizwa atazifanyia nini fedha zile alisema miongoni mwa mambo mengine kwamba atajenga shule kwao. Huo ndio mwendo wa kuwa na jiwe. Jiwe la ardhi yetu likitufanyia shule, zahanati na kisima, limerudi kwetu. Likirudi katika umbo la ndege wa New York, halikurudi. Tumelinunua mara ya pili.

Basi tufanyeje? Anayetaka kununua, na aache, na vijana wanaotaka kuoa wasitwishwe mizigo ya bizimu juu ya mahari, kwani Mtume (S.A.W.) alimwambia mtu asiye na kitu atafute mahari ijapokuwa pete ya chuma. Anayekwisha kuwa nayo, au aliyeirithi, asiitupe baharini. Jibrili (A.S.), katika Hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, aliagiza kichwa cha sanamu kikatwe, lipate kuwa kama mti. Hiyo ni rehema, kwani imetufundisha kuondoa sura pasipo kuangamiza mali. Mpelekee sonara mwaminifu, upime uzito mbele yake, ang'oe vito, ayeyushe dhahabu, akufanyie ua, jani au nyota. Dhahabu yako ni ile ile na jiwe lako ni lile lile. Kilichoondoka ni chui peke yake. Na zaka ya miaka iliyopita, kama iliwajibika, ihesabiwe na mjuzi, ilipwe.

Mwisho narudia lile nililoahidi. Mali ya Duchess iliwafaa watu baada ya yeye kuzikwa, kwa mkono wa dalali na kwa mlio wa nyundo yake. Sasa watazameni wanawake wa Madina. Siku ya Idi, Mtume (S.A.W.) aliwawaidhia na kuwahimiza kutoa sadaka, na Bilal (R.A.) akatandaza nguo yake. Wakawa wanavua herini zao na pete zao, kila mmoja kwa mkono wake, wakitupa humo. Hawakungoja kufa. Hawakungoja bei ipande. Pambo lilikuwa halali yao, wakalivaa kwa furaha, na lilipohitajiwa likawatoka kwa furaha vile vile. Hicho ndicho kipimo cha kila kilicho kifuani mwako: je, mkono wako wa leo, ulio hai, waweza kukivua kwa ajili ya Mwenyezi Mungu? Ukiona mkono wasita, jua kwamba si wewe uliyemvaa chui. Chui ndiye aliyekushika.

Mwenyezi Mungu atujaalie mapambo ya uchamungu, azitakase mali zetu, na azihifadhi nyumba zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.